Bustani na Ifuate Nchi Yake

Kila mtu mwenye nyumba njema hutamani kuwa na uwanja mwema mbele yake. Tamaa hiyo si ya Wazungu peke yao, wala si ya matajiri peke yao. Hata mama mjane mwenye kibanda cha udongo hufagia uwanja wake kila asubuhi, na hupanda maua mawili matatu ndani ya kopo kuukuu karibu na mlango. Basi sina neno la kuwapinga wapendao bustani. Neno langu ni jingine, ya kwamba yapasa bustani ifanane na nchi ambamo imewekwa, kama vile yapasavyo nguo ifanane na mwili wa mwenye kuivaa. Koti zito la mtu wa Limuru likiletwa hapa Nuu katika mwezi wa Septemba halitamsaidia mtu. Litamtoa jasho tu.

Jambo hili liliingia nyumbani mwangu mwaka huu. Mwanangu wa kwanza, ambaye afanya kazi Nairobi, amejenga nyumba ya mawe katika shamba letu, kwenye mteremko unaotazama kilima. Nyumba ilipokwisha kuezekwa, alinionyesha katika simu yake picha za bustani aliyoitaka. Alitaka kuleta tingatinga lisawazishe mteremko wote uwe kama meza. Kisha akate miti minne ya mukau na mkwaju mmoja mkubwa. Kisha atandike nyasi fupi za kijani kutoka Nairobi, apange miti ya ashoki katika mstari mmoja, na njia yote aiweke mawe ya kabro. Aliniambia, “Baba, nataka ukikaa hapa usione shamba. Uone mahali pa kupumzika.”

Neno hilo ni la heshima, nami nililipokea kwa furaha, kwa kuwa ni vijana wachache wanaofikiri juu ya mapumziko ya baba zao. Lakini mama yao, alipokwisha kuzitazama zile picha moja moja, aliuliza swali moja tu: “Na maji yatachotwa na nani?”

Hakuna aliyemjibu siku ile. Usiku nilichukua kalamu nikafanya hesabu, nayo si ngumu, kila mkulima aweza kuifanya. Maji ya kimo cha milimeta moja juu ya eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mahali alipotaka kutandika nyasi ni mita 20 kwa mita 15, yaani mita za mraba 300. Katika miezi yetu ya kiangazi, nyasi fupi za kijani zisizotakiwa kukauka zahitaji yapata milimeta 4 kwa siku. Hizo ni lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita 20. Punda wetu huchukua mitungi minne, basi atakwenda mtoni na kurudi mara 15 kila siku, naye hataleta hata tone moja la kupikia wala la kunywa. Na kisima chetu cha mchangani ni mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani.

Asubuhi yake nilimpa mwanangu karatasi ile. Aliisoma kimya, kisha akasema kwamba Nairobi watu wana nyasi hizo hizo na hawafi. Jibu lake lanionyesha mahali ugonjwa ulipo. Nairobi iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,700, hewa yake ni ya baridi, na kwa mwaka hupata mvua ya milimeta 1,000 hivi. Sisi tuko chini sana kuliko hapo, na jua letu wote mwalijua. Si nchi moja, ingawa mtu atoka asubuhi huko na jioni yuko hapa.

Nimejiuliza mara nyingi, mawazo haya ya nyasi fupi na mistari iliyonyoka tuliyapata wapi? Nadhani tuliyapata bomani. Mabwana Shauri wa zamani walipojenga maboma yao katika nchi yetu, walitandika nyasi mbele ya ofisi, wakapanda jakaranda ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, wakapanga njia kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Baadaye machifu na shule wakaiga, na hata leo waweza kuyaona mawe meupe yamejipanga mbele ya ofisi nyingi. Sisi tuliokuwa watoto tulidhani huo ndio uzuri. Lakini maua ya boma aghalabu yalinyweshwa na wafungwa, na maua ya shule yalinyweshwa na watoto waliokuja na maji kichwani. Mimi ni mmoja wao. Uzuri ule ulikuwa na gharama, ila aliyeulipia hakuwa yule aliyeutazama.

Wala si jambo la Afrika tu. Uingereza, katika wilaya ya Dorset, palikuwa na mji mdogo karibu na jumba la Lord Milton. Bwana huyo hakupenda kuona vibanda vya watu alipotazama kutoka dirishani, kwa hiyo katika miaka ya 1770 na 1780 aliuvunja mji ule, akawajengea watu kijiji kingine mbali na macho yake, kiitwacho Milton Abbas, ili mahali pale pawe bustani. Kijiji hicho kiko mpaka leo, na wageni hukisifu kwa uzuri. Bustani yaweza kupendeza macho, na huku imewalemea watu wengine.

Hata hivyo, twaweza kujifunza mengi mema kwa Waingereza, maana wao walibishana juu ya bustani kabla yetu. Zamani matajiri wao waliiga Ufaransa, wakakata vichaka vyao kwa mikasi vikawa kama masanduku, na njia zao zote zikanyoka kama uzi. Kisha, katika karne ya 18, mambo yakageuka. Mtu mmoja aliyesifiwa sana katika kazi hiyo ni Lancelot Brown, aliyezaliwa mwaka wa 1716 na kufa mwaka wa 1783. Alipewa jina la utani “Capability”, kwa sababu alizoea kuwaambia wenye mashamba kwamba ardhi yao ina uwezo ndani yake, na kazi ni kuutoa tu. Yeye na wenzake waliacha mistari iliyonyoka, wakafuata vilima na mabonde jinsi yalivyo.

Tena walitumia werevu mmoja unaonipendeza. Badala ya kujenga ukuta kati ya bustani na malisho, walichimba handaki lenye ukuta ndani yake, chini ya macho. Mtu aliyesimama nyumbani hakuuona mpaka. Aliona nchi yote, na ng’ombe, na miti ya mbali, kana kwamba yote ni bustani yake, na huku ng’ombe hawakuweza kuvuka. Sisi wa Ukambani tukisikia habari ya handaki hatushangai. Tuna fanya juu, yaani mtaro uchimbwao kwa kukata mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta. Kazi ya matuta hapo kwanza watu waliichukia kwa kuwa ilikuwa ya amri, lakini vikundi vyetu vya mwethya vikaja kuishika kuwa yao, na leo neno “fanya juu” limo katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa bustani ya Nuu umekwisha kuchorwa. Ni mstari wa tuta, ule unaofuata kimo kimoja cha mteremko, wala hautoki katika picha ya simu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi watoka katika wilaya ya Essex, ambayo ni moja ya sehemu kavu kuliko zote za Uingereza. Huko, karibu na mji wa Colchester, bibi mmoja aitwaye Beth Chatto alianza bustani yake mwaka wa 1960 katika ardhi ambayo wakulima waliiona haifai. Sehemu yake moja ilikuwa changarawe tupu, na sehemu nyingine ilikuwa bonde lenye majimaji. Mume wake, Bwana Andrew Chatto, alikuwa amechunguza kwa miaka mingi mahali ambapo kila mmea hukua wenyewe porini. Kutokana na maarifa hayo bibi alishika kanuni moja, kwamba kila mmea uwekwe mahali panapofanana na kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliugeuza uwanja wa zamani wa kuegeshea magari kuwa bustani ya changarawe, akaazimu kwamba ikiisha kushika mizizi hatainywesha maji kamwe. Alikufa mwaka wa 2018, akiwa na umri wa miaka 94, na bustani ile ingali ikitembelewa na watu kutoka nchi nyingi.

Sikilizeni sasa jambo la ajabu. Mahali pale hupata mvua ya yapata milimeta 500 kwa mwaka, na sehemu kavu za Kitui hupata kiasi kama hicho. Kwa hesabu ya mvua, Essex na sisi ni majirani! Lakini kule mvua hunyunyiza kidogo kidogo katika miezi yote 12, na hewa ni ya baridi. Kwetu hushuka katika misimu miwili tu, ule wa Machi hadi Mei tuuitao uua, na ule wa Oktoba hadi Desemba tuuitao nthwa, nao wa pili ndio tunaoutegemea zaidi. Tena katika misimu hiyo mvua yenyewe hushuka kwa siku chache, kwa nguvu nyingi, na jua letu laweza kunyonya mara tatu ya maji tunayoyapata. Mito ambayo tunaivuka kwa miguu mikavu hugeuka katika saa moja. Hakuna mtu wa Nuu aliyeisahau tarehe 4 Desemba, 2021, wakati mto Enziu ulipolichukua basi lililokuwa likija harusini kwetu, wakafa watu zaidi ya 30.

Basi nchi yetu ina shida mbili, kukosa maji na kuzidiwa na maji, na bustani ya Nuu ni lazima ijibu zote mbili. Uwanja uliosawazishwa na tingatinga haujibu hata moja, kwa maana maji ya mvua huteleza juu ya nyasi fupi na kabro, yakapata mbio, yakachimba korongo chini ya nyumba, na wiki mbili baadaye mwenye nyumba anatafuta maji ya kunywesha nyasi hizo hizo. Lakini mteremko wenye matuta huyapokea maji, huyapunguza mbio, na kuyapa muda wa kuzama. Ndiyo kazi ifanywayo na mabwawa ya mchanga mtoni, ambayo yamejengwa kwa mamia katika Kitui tangu miaka ya 1990. Ukuta huzuia mchanga, mchanga huyaficha maji, na jua haliyaoni.

Na miti je? Hapa ndipo nilipobishana na mwanangu zaidi. Yeye aliona miti ile minne kuwa kichaka. Mimi niliuona mukau kuwa mti uijuao nchi hii kuliko mtu yeyote aliye hai. Huangusha majani yake kiangazi kikishika, na kabla ya mvua kunyesha, wakati kila kitu ni kikavu, hutoa majani mapya, nasi twapata kivuli na mbuzi wapata chakula katika wiki zile zile ambazo ni ngumu kuliko zote. Mbao zake mchwa hawaziwezi. Mbegu yake ni ngumu sana kuotesha, hata wataalamu wa misitu walio Kitui wamefanya kazi ya miaka mingi juu yake. Kuukata mukau uliokwisha kukomaa ili kupanda ashoki, mti wa Bara Hindi utakao kunyweshwa, ni kama kumfukuza mzee wa nyumba ili kumpa mgeni kiti chake.

Lakini mwanangu naye alisema maneno ya haki. Alisema, “Baba, watoto wangu watacheza hapa, na kichaka kina nyoka.” Neno hilo halina ubishi. Ndiyo sababu bibi zetu walifagia uwanja mpaka ukabaki udongo mtupu; haikuwa usafi tu, ilikuwa ulinzi. Ubaya wake ni kwamba udongo mtupu huchukuliwa na mvua, na baada ya miaka mingi msingi wa nyumba huonekana kama meno. Hapo nilimweleza habari ya changarawe ya Essex. Palikuwa na lundo la kokoto lililosalia katika ujenzi. Kokoto zikimwagwa kuzunguka nyumba kwa upana wa mita tatu, nyoka huonekana, tope haliruki ukutani, mvua hupenya, na udongo ulio chini hukawia kukauka.

Nilimkumbusha pia kwamba wazee wetu walikuwa na mahali pa kupumzika kabla ya bustani yoyote ya boma. Ni thome, ule uwanja ulio nje ya lango, penye kivuli na moto wa jioni, ambapo wanaume walikaa wakiitazama njia, na mifugo ikirudi, na vilima. Hawakuichagua thome ovyo. Waliangalia upepo, kivuli cha saa nane mchana, na mahali macho yafikapo mbali. Kadhalika walikuwa na mathembo, mahali pa matambiko ambapo mti haukukatwa kamwe. Watu waliojua hayo hawakukosa elimu ya bustani. Walikosa jina lake tu.

Basi tulipatanaje? Tingatinga halikuitwa. Mwethya ulikuja siku tatu, ukachimba matuta matatu yafuatayo mteremko, na njia ya kuingilia haikunyooka tena, bali yapinda pamoja na tuta. Mkwaju umebaki, nao sasa ndio thome yetu, kwa kuwa uko upande wa magharibi wa nyumba na hulikinga jua kali la alasiri. Mukau mmoja ulikatwa, kwa maana ulisimama mahali pa tangi, na mwanangu amepanda mitatu badala yake. Tangi ni muhimu, kwa kuwa paa la mita 10 kwa mita 8 likipata mvua ya milimeta 20 laweza kutoa lita 1,600, yaani mitungi 80 ambayo hakuna mtu wala punda aliyeibeba.

Kati ya matuta tumepanda mbeetwa na ndata kivumbu, nyasi za kwetu ambazo ng’ombe huzijua. Hazitakuwa kijani mwaka mzima. Katika Agosti zitakuwa na rangi ya simba, na mama yao asema rangi hiyo pia ni nzuri mtu akiizoea. Ukingoni tumechomeka matawi ya miti ile ya jamii ya manemane, ambayo huchipuka yenyewe ikawa ua ulio hai. Kwenye ngazi yako mawaridi ya jangwa na mishubiri, yaliyochimbuliwa katika shamba letu wenyewe, wala si kuibwa kilimani. Na pale yatokapo maji ya kuogea, mwanangu amepata bogenvilia yake, na mpapai, na mlimau. Hakuna mtungi hata mmoja utakaochotwa kwa ajili yake.

Mambo yote hayakuisha kwa ushindi wangu. Amepanda ashoki mbili langoni, naye amesema atazinywesha mwenyewe ajapo mwisho wa mwezi. Nami sikumkataza, kwa sababu nyumba ni yake na mtu hujifunza kwa kushika mtungi kwa mkono wake.

Ndugu zangu mnaojenga, hasa ninyi mliomo maofisini mijini na mwatuma fedha nyumbani, nawashauri hivi. Kabla ya kukata mti wowote, njoni mkae siku kumi. Simameni katika mvua mwone maji yatokapo na yaendako. Kaeni saa nane mchana mwone kivuli kiko wapi. Ulizeni ni mti gani uliobaki na majani mwaka wa njaa. Kisha mwulizeni yule atakayechota maji kama amekubali. Mkiisha kujua hayo manne, chukueni jembe mwanze na tuta la kwanza.